Maziwa ya mama au ya kopo? Maswali ambayo hayaishi

Haya ni maswali ambayo akina mama (na akina baba wachache) wanayauliza tena na tena, mengi usiku wa manane mtoto akiwa mkononi. Mimi si daktari, ni mama wa wawili, wa kwanza alikulia kopo kwa sehemu kubwa, wa pili alinyonya mpaka akaacha mwenyewe, kwa hiyo pande zote mbili nazijua kwa kuzihangaikia. Soma swali lako tu, si lazima usome yote. Ila kama mtoto hajamaliza mwezi, namba 7 usiiruke.

## Ya mwanzo kabisa

1. Niambieni ukweli, kipi ni bora?

Kwa kumkinga mtoto na magonjwa, maziwa ya mama yanashinda, hapo hamna ubishi wa maana. Mtoto anayenyonya anaharisha mara chache zaidi, nimonia na maumivu ya masikio vinampata kidogo, na hata ile hatari ya kifo cha ghafla usingizini inapungua. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la The Lancet lilipiga hesabu kwamba kama karibu kila mtoto duniani angenyonyeshwa inavyoshauriwa, vifo kama 823,000 vya watoto chini ya miaka 5 vingezuilika kila mwaka.

Sasa hiyo hesabu ni ya dunia nzima, na wengi wa hao watoto wako sehemu ambazo maji si salama na hospitali iko mbali. Penye maji safi, chupa safi na kopo linalopimwa sawasawa, mtoto wa kopo anakua vizuri, anacheka, anatambaa, anasumbua kama wenzake. Tofauti inakuwepo ila inakuwa ndogo. Kwa hiyo "kipi bora" ina jibu rahisi. Gumu ni "kipi kinawezekana kwangu na kwa huyu mtoto wiki hii", na ukiangalia vizuri maswali mengi huku chini yanazungukia hapohapo.

2. Kwani maziwa ya mama yana nini ambacho kopo halina?

Vitu vya msingi kopo linavyo: maji, sukari ya maziwa, mafuta, protini, vitamini, madini. Maziwa ya kopo mengi yanatokana na maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa protini na chumvi na kuongezwa mafuta mengine na chuma, maana maziwa ya ng'ombe yana protini kama mara tatu ya zile za binadamu na figo za kichanga haziwezi huo mzigo.

Kisichoingia kwenye kopo ni vitu hai. Kuna seli, kuna vimeng'enya, kuna kingamwili ambazo mwili wako unatengeneza kwa ajili ya vijidudu vilivyopo hapo mlipo wewe na mtoto, yaani ukikumbana na mafua, kinga yake inaanza kupita kwenye maziwa. Halafu kuna sukari fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya kabisa, ni chakula cha bakteria wazuri wa tumboni mwake (hili lilinishangaza sana, yaani unalisha mtoto na wageni wake). Na maziwa ya mama yanabadilika, mwanzo wa kunyonya mepesi, mwishoni yana mafuta zaidi. Ya kopo ni yaleyale asubuhi na jioni.

Haki yake nalo tulipe: kopo linaongezwa vitamini D, maziwa ya mama yana kidogo sana, ndiyo maana nchi nyingi zinashauri mtoto anayenyonya apewe matone ya vitamini D, kawaida yuniti 400 kwa siku. Ukimuuliza daktari kuhusu hilo huonekani mjinga.

3. Eti mtoto wa ziwa anakuwa na akili zaidi darasani?

Kidogo labda, ila usiipandishe sana hii. Shida ni kwamba akina mama wanaonyonyesha muda mrefu mara nyingi wanatofautiana na wengine kwa elimu, kipato na mambo mengine, sasa unajuaje ni maziwa au ni hivyo vingine? Utafiti uliojaribu kukwepa huo mtego ulifanyika Belarus kuanzia 1996, mama na watoto zaidi ya 17,000, hospitali zikapangwa kwa bahati nasibu, baadhi zikahamasisha kunyonyesha kwa nguvu na nyingine zikaendelea kama kawaida. Kwenye mwaka wa kwanza magonjwa ya tumbo yalipungua wazi, yaliwapata 9.1% ya watoto kwenye kundi la uhamasishaji na 13.2% kwenye kundi lingine. Akili zilipopimwa kwenye umri wa miaka 6 na nusu kulikuwa na tofauti, ila walipofika miaka 16 ilikuwa imeyeyuka karibu yote, ikabaki kidogo upande wa lugha. Kwa hiyo mtu akikwambia mwanao wa kopo atafeli, mwache aongee.

4. Mimi mama napata faida gani?

Mtoto akinyonya mwili unatoa homoni ya oksitosini, hiyo inakaza mfuko wa uzazi na kupunguza damu baada ya kujifungua, ndiyo maana siku za kwanza unasikia tumbo linavuta kama hedhi kila akishika titi. Baadaye hatari ya saratani ya matiti, saratani ya mayai ya uzazi na kisukari cha aina ya pili inapungua, na kadiri unavyonyonyesha muda mrefu ndivyo inavyopungua zaidi. Kuhusu kuzuia mimba angalia namba 28, usikurupuke.

Kuhusu kupungua unene, wengine wanapungua, wengine wanabaki vilevile maana njaa ya kunyonyesha si ya kawaida. Mimi nilikuwa wa kundi la pili.

5. Ninyonyeshe mpaka lini?

Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanasema: anza ndani ya saa moja baada ya kujifungua, mpe maziwa yako tu miezi 6 ya kwanza, kisha anza vyakula vingine huku ukiendelea kunyonyesha mpaka miaka 2 au zaidi. Hilo ni lengo, si mtihani. Ukifika wiki tatu ni wiki tatu alizopata mtoto, hazifutwi kwa sababu ya nne hukuifikia.

## Siku na wiki za kwanza

6. Nimejifungua jana, maziwa hayatoki, ni kimaji cha njano tu. Nimpe kopo?

Hicho kimaji ndiyo maziwa, kinaitwa dang'a, na kimejaa kingamwili. Ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto nalo ni dogo. Wapo wanaokikamua na kukimwaga wakidhani ni uchafu, jamani usimwage. Maziwa mengi yanaingia kati ya siku ya 2 na ya 5, yanaweza kuchelewa kama ulifanyiwa upasuaji, ulipoteza damu nyingi, una kisukari au ndiyo mtoto wako wa kwanza. Mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi na umnyonyeshe kila anapotafuta, hata kama unaona hapati kitu, maana huko kunyonya ndiyo oda yenyewe inayopelekwa kiwandani.

Kuna hali kopo au maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa yanahitajika siku hizohizo: sukari ya mtoto imeshuka, uzito umeanguka kupita kiasi, manjano imezidi. Nesi au daktari akisema hivyo mpe bila kujilaumu, na endelea kumweka kwenye titi.

7. Nitajuaje kama anashiba? Titi halina alama za kupimia!

Hili ndilo swali namba moja, na jibu ni nepi na mizani. Kulia siyo kipimo, kulala siyo kipimo, na mwonekano wa titi nao siyo kipimo.

Siku ya kwanza tegemea nepi moja ya mkojo, ya pili mbili, ya tatu tatu hivi, na kuanzia siku ya 5 au ya 6 nepi sita au zaidi kwa siku, nzito, mkojo mweupe au wa njano mpauko. Choo kinaanza cheusi kama lami, kinageuka kijani, na kufikia siku ya 5 kinatakiwa kiwe cha njano. Uzito utashuka siku za mwanzo, hata 7% mpaka 10% inatokea, halafu unapanda, na kwenye wiki mbili hivi awe amerudia uzito aliozaliwa nao. Baada ya hapo kadi ya kliniki ndiyo shahidi wako. Mstari ukipanda, anashiba, hata jirani aseme nini.

Cha kukupeleka hospitali haraka: nepi kavu masaa mengi mfululizo, mtoto amelegea hata kuamka kunyonya hataki, utosi umebonyea, mdomo mkavu, manjano inayoongezeka, homa. Hapo usisubiri mtu akujibu mtandaoni.

8. Ananyonya kila saa, nikimtoa analia. Si maziwa hayatoshi haya?

Mara nyingi yanatosha. Kichanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa masaa 24, na jioni wengi wanarundika, yaani wananyonya, wanalala dakika kumi, wanadai tena. Kuna vipindi pia, kwenye wiki ya 2 au ya 3, wiki ya 6 na mwezi wa 3 hivi, mtoto anageuka mlafi siku mbili tatu halafu anatulia, na titi nalo kipindi hicho linalainika mama akadhani limekauka. Hapo ndipo wengi wanaleta kopo, mtoto anashiba kopo, ananyonya kidogo, titi linapokea taarifa kwamba kazi imepungua, linapunguza kweli, na mama anasema "si niliwaambia". Mimi kwa wa kwanza nilipita hapohapo, hakuna aliyenieleza.

Kabla hujaamua, rudi namba 7 uhesabu. Nepi zikiwa pungufu au uzito haupandi, basi maziwa kweli hayatoshi au mtoto hayavuti vizuri, na kumwongezea kopo huku mnarekebisha ushikaji ni jambo sahihi kabisa.

9. Matiti yangu ni madogo, nitaweza?

Utaweza. Ukubwa wa titi ni mafuta, siyo tezi. Chuchu zilizoingia ndani zinaweza kusumbua mwanzoni ila mtoto anashika titi, hashiki chuchu peke yake. Aliyepunguzwa matiti kwa upasuaji aongee na daktari mapema kwa sababu mirija inaweza kuwa imekatwa.

10. Chuchu zinauma mpaka machozi, ni kawaida?

Kusikia uchungu sekunde chache za mwanzo, wiki ya kwanza, sawa. Uchungu wa kuendelea, chuchu kupasuka, damu, au chuchu kutoka mdomoni imebanwa kama lipstiki mpya, huo ni ushikaji mbaya. Mdomo uwe wazi kama anapiga miayo, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, na weusi mwingi wa titi uingie ndani siyo ncha tu. Mlete mtoto kwenye titi, usilipeleke titi kwa mtoto ukakunja mgongo. Kama hajashika vizuri ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake umtoe, uanze upya, hata mara tano.

Ukifanya yote na bado, aangaliwe chini ya ulimi, kuna watoto utando wa pale umebana ulimi hautoki vizuri. Na mwombe nesi akuone ukinyonyesha, siyo akuulize tu "anashika?" halafu aondoke.

11. Titi limevimba upande mmoja, jekundu, la moto, na natetemeka kwa homa.

Hayo ni maambukizi au uvimbe wa titi. Usiache kunyonyesha, maziwa hayamdhuru mtoto, na ukiacha ghafla unaweza kuishia na jipu. Weka kitu cha baridi, meza paracetamol au ibuprofen, pumzika, nyonyesha kama kawaida. Zamani tuliambiwa tulikande kwa nguvu na kulikamua mpaka liishe, siku hizi ushauri umegeuka, kulikanda kwa nguvu na kukamua kupita kiasi kunaongeza uvimbe. Ikipita siku moja bila nafuu, au hali ni mbaya, nenda ukaangaliwe, unaweza kuhitaji antibiotiki na zipo zinazofaa kwa anayenyonyesha.

12. Joto kali, nimpe maji kidogo?

Chini ya miezi 6, hapana, wa ziwa wala wa kopo. Maziwa ya mama zaidi ya 85% ni maji. Maji ya ziada yanamjaza tumbo bila chakula na yanaweza kushusha chumvi ya damu mpaka akapata degedege. Joto likizidi mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

## Upande wa kopo

13. Nichague kopo gani, yako mengi mno?

Kwa mtoto mzima wa afya, fomula (ndiyo haya maziwa ya kopo) yoyote ya hatua ya kwanza, yaani ya tangu kuzaliwa, iliyoidhinishwa inatosha, maana viambato vikuu vinadhibitiwa kisheria na vinafanana. Picha nzuri na maneno ya "karibu na ya mama" ni biashara. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa haya kwa sababu matangazo yalikuwa yamevuka mipaka, na bado kampuni zinatafuta upenyo. Maziwa ya "hatua ya pili" na yale ya watoto wa mwaka mmoja kwenda juu hayana ulazima, Shirika la Afya Duniani lenyewe limesema hivyo. Fomula ya soya au ya aleji usijianzishie, soma namba 27.

14. Naandaaje ili yawe salama?

Wengi hawajui kwamba unga wa kopo haujasafishwa mpaka kuua vijidudu vyote. Unaweza kuwa na bakteria wachache, na kwa kichanga wa chini ya miezi miwili au njiti hao wachache wanaweza kuua. Ndiyo maana maji yanatakiwa yawe ya moto wakati unachanganya, si chini ya nyuzi 70. Chemsha maji, yaache yasizidi nusu saa, mimina kwenye chupa iliyochemshwa, weka unga kwa kijiko cha kopo hilohilo, kijiko bapa siyo cha mlima, funga, tikisa, kisha ipoze chupa kwenye maji baridi. Dondoshea kifundo cha mkono kabla hujampa, iwe vuguvugu.

Mtoto akishaanza kunywa, kinachobaki baada ya masaa 2 mwaga. Najua inauma kumwaga, nimemwaga kwa kinyongo mara nyingi, ila mate yake yameshaingia mle. Kama lazima uandae mapema, poza haraka uweke friji, tumia ndani ya masaa 24. Na kama kuosha na kuchemsha chupa ni shida, kikombe kidogo kilicho wazi ni rahisi zaidi kusafisha na hata kichanga anakinywea.

15. Kopo linakaribia kuisha, naweza kuongeza maji lifike mwisho wa wiki?

Hapana, na hili naliandika kwa huruma maana najua linatoka wapi. Maziwa yaliyozimuliwa yanamshibisha maji, anapungua uzito kimyakimya na chumvi ya damu inashuka. Kukoleza nako ni hatari, figo zinachoka na mtoto anakaukiwa maji mwilini. Usichanganye na unga wa uji ukakaza chupa. Kama kopo linakushinda mwambie nesi wa kliniki waziwazi, na usome namba 22, pengine maziwa yako yanaweza kurudishwa.

16. Kiasi gani kwa siku?

Kwa wastani mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku baada ya wiki ya kwanza, wengine wanafika 200. Mtoto wa kilo 4 ni kama mililita 600, zigawe kwenye milo yake. Akigeuza kichwa amemaliza, usimlazimishe amalize chupa. Mshike amekaa nusu, chupa ilale, umpumzishe katikati na kumcheulisha. Chupa ikisimama wima maziwa yanammiminikia hata kama hataki. Usimwachie chupa iliyoegemezwa mto, anaweza kupaliwa.

17. Maziwa ya ng'ombe ya kawaida je, si ni yaleyale?

Si yaleyale, soma namba 2. Kwa aliye chini ya miezi 6 hayafai kabisa, protini na chumvi nyingi, chuma kidogo mno, na yanaweza kumtoa damu kidogokidogo tumboni. Ushauri wa nchi nyingi ni kusubiri mwaka mmoja ndipo yawe kinywaji chake kikuu.

18. Nimehamia kopo, choo kimekuwa kigumu na kinanuka.

Kawaida, choo cha kopo ni kizito na kina rangi ya kahawia au kijani. Hakikisha tu unapima sawasawa. Kikitoka kama vigololi au kina damu, aonwe. Wa ziwa yeye akishapita wiki sita anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, kikija ni laini, huyo hana shida.

19. Nikimpa kopo usiku atalala mpaka asubuhi?

Wengine ndiyo, wengi hapana. Ukiwa unanyonyesha kumbuka homoni inayotengeneza maziwa iko juu zaidi usiku, ukiruka usiku mapema sana unapunguza maziwa ya mchana.

## Kuchanganya, kazi, kurudi nyuma

20. Naweza kunyonyesha na kutoa kopo pia?

Unaweza, na wengi wanafanya bila kusema. Subiri ikiwezekana wiki tatu nne maziwa yatulie, kisha badilisha mlo mmoja mmoja. Anza na titi ndipo chupa. Wengine wanaogopa mtoto atakataa titi akishaonja chupa, inatokea, hasa mapema, kwa hiyo tumia chuchu ya chupa inayotoa taratibu.

21. Narudi kazini, maziwa yaliyokamuliwa yanakaa muda gani?

Nje kwenye joto la nyuzi 25 au chini, masaa 4. Friji, siku 4. Friza, miezi 6 ndiyo bora. Yakishayeyuka yatumie ndani ya masaa 24 ukiwa umeyaweka friji na usiyagandishe tena. Andika tarehe, weka nyuma siyo mlangoni. Kuyapasha, loweka chombo kwenye maji ya moto. Maikrowevu inachoma sehemu moja na kuacha nyingine baridi.

Kamua mara nyingi karibu sawa na alivyokuwa ananyonya, wiki mbili kabla anza kujizoesha. Na usijipime kwa pampu, kuna wanawake pampu inawatolea matone na mtoto ananenepa.

22. Niliacha kunyonyesha mwezi uliopita, naweza kuanza tena?

Inawezekana. Mweke kifuani, mnyonyeshe au kamua mara 8 au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo, huku ukiendelea na kopo na kulipunguza pole pole kadiri nepi na mizani vinavyoruhusu. Inachukua wiki, na wengine wanapata nusu tu. Nusu nayo ni maziwa.

## Hali za pekee

23. Nina VVU, ninyonyeshe?

Usiamue peke yako. VVU vinaweza kupita kwenye maziwa. Ila mama anayemeza ARV kila siku na virusi vimeshuka havionekani kwenye kipimo, hatari inashuka chini ya 1%, siyo sifuri lakini ndogo sana. Shirika la Afya Duniani linashauri mama aliye kwenye dawa anyonyeshe angalau miezi 12 na anaweza kufika 24, mtoto akipewa dawa zake za kinga na kupimwa. Baadhi ya nchi ambazo kopo na maji safi havina shida bado zinaelekeza kopo kwanza. Fuata mwongozo wa kliniki yako. Na usiache dozi hata siku moja.

24. Naumwa, naweza kumeza dawa?

Dawa nyingi zinaruhusiwa, paracetamol, ibuprofen na antibiotiki nyingi zikiwemo. Zinazokataza ni chache, kama za saratani na madini ya iodini yenye mionzi. Kodeini nayo ikwepwe. Mwambie daktari "nanyonyesha" kabla hajaandika. Mafua na malaria havizuii kunyonyesha.

25. Kahawa na pombe?

Vikombe viwili vya kahawa kwa siku havina neno kwa wengi. Pombe bora usinywe. Ukinywa kinywaji kimoja subiri kama masaa 2 kabla ya kunyonyesha, kukamua na kumwaga hakuiharakishi. Usilale kitanda kimoja na mtoto ukiwa umekunywa.

26. Mtoto wangu ni njiti, hawezi kunyonya.

Kwa njiti maziwa ya mama ni karibu dawa, kwa sababu kuna ugonjwa mbaya wa utumbo kufa unaowapata njiti na wa kopo wanaupata zaidi. Anza kukamua ndani ya masaa machache baada ya kujifungua, kwa mkono kwanza, hata tone linapelekwa kwa mrija. Kama yako hayatoshi uliza kuhusu benki ya maziwa. Maziwa ya rafiki ambayo hayajapimwa usimpe, hata kama ni rafiki wa kufa na kuzikana.

27. Anatapika, ana vipele, choo kina damu. Ni aleji ya maziwa?

Inaweza kuwa aleji ya protini ya maziwa ya ng'ombe, na inampata wa kopo na hata wa ziwa kupitia chakula cha mama. Wa ziwa, mama anaweza kushauriwa aache maziwa kwa wiki chache aone. Wa kopo anahitaji fomula maalum ambayo protini yake imevunjwavunjwa. Kubadilisha kopo kila wiki kwa kubahatisha hakusaidii. Kucheua kidogo baada ya kula bila dalili nyingine ni nguo chafu tu.

28. Nikinyonyesha sishiki mimba, si ndiyo?

Ndiyo kwa masharti matatu yote kwa pamoja: mtoto hajafika miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku bila kopo, na hedhi haijarudi. Hapo kinga inafika 98%. Likivunjika sharti moja tafuta njia nyingine, siyo kila kidonge kinafaa wiki za mwanzo kwa hiyo uliza. Na ukishika mimba huku unanyonyesha, maziwa hayageuki sumu, yanaweza tu kupungua.

29. Kuna asiyeruhusiwa kabisa maziwa ya mama?

Wachache. Mtoto mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kuzaliwa nao ambao mwili hauwezi sukari ya maziwa, anahitaji fomula isiyo na laktosi mara moja. Mama aliye kwenye tiba ya saratani naye, kulingana na dawa.

30. Nimejaribu kila kitu nimeshindwa, na kila nikiona chupa nalia.

Ulie, halafu umlishe. Mshike mtoto kifuani wakati wa chupa, mwangalie usoni, huo ukaribu haukai kwenye titi peke yake. Ila kama machozi yanapita wiki mbili, hulali hata mtoto akilala, au yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, hiyo siyo huzuni ya kopo tena, ni ugonjwa wa baada ya uzazi na unatibika. Mwambie mtu leo. Na kama kunyonyesha ndiko kunakukausha akili, kubadili njia ni sababu halali ya kiafya kama nyingine, hata kama matiti yamejaa.

31. Nimeamua kuacha, nifanyeje matiti yasipasuke?

Punguza mlo mmoja kila baada ya siku kadhaa, usiache zote siku moja. Yakijaa kamua kidogo tu upate nafuu, siyo mpaka yaishe. Sidiria inayoshika bila kubana, kitu cha baridi. Ukiona uwekundu na homa rudi namba 11. Mlo wa kulalia uache uwe wa mwisho kuondoka, huo ndio wanaoung'ang'ania.